Matini Moja, Milango Mingi: Historia ya Kudhibiti Jumbe Rudufu katika Programu za Kusomea Usenet na Funzo Lake kwa Hifadhi za Kiswahili Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kiufundi tu: programu ifanyeje inapomletea msomaji matini ileile zaidi ya mara moja? Tatizo hilo linafuatiliwa katika Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa Marekani mwaka 1979, na katika mitandao ya simu iliyoitangulia intaneti Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba wabunifu wa Usenet walifanikiwa kwa sababu waliupa kila ujumbe jina moja tangu kuzaliwa kwake, wakatenganisha jina hilo na mahali ujumbe ulipowekwa, na wakachagua kuweka alama ya "umesomwa" badala ya kufuta. Walishindwa pale matini moja ilipopewa majina mengi. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kanuni 4 kwa taasisi za Kiswahili zinazojenga hifadhi na kopasi za kikanda.

Istilahi muhimu: Usenet, ujumbe rudufu, kitambulisho, kopasi, hifadhi ya kidijitali

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika chumba cha kazi huku Mutanga Sud, Bujumbura, mwandishi wa makala haya na mwenzake walikuwa wakikusanya matini za Kiswahili kuhusu kurejea kwa wakimbizi nchini Burundi. Lengo lilikuwa dogo: kushauri ni istilahi ipi itumike katika nyaraka za umma kwa watu wanaorudi kutoka uhamishoni, warejeaji au wakimbizi waliorudi. Hesabu ilionyesha kwamba neno warejeaji linaongoza, nasi tukaandika ushauri wetu kwa msingi huo. Baadaye, tulipozisoma matini zenyewe badala ya kuzihesabu, tuligundua kwamba sehemu kubwa ya matukio ya neno hilo ilitoka katika taarifa moja tu, iliyochapishwa upya na wachapishaji kadhaa, kila mmoja akiipa kichwa chake na tarehe yake. Tulichodhani ni sauti nyingi kilikuwa sauti moja iliyorudiwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kosa hilo ndilo lililozaa makala haya.

Tulipotafuta namna ya kuliepuka kosa hilo, tulijikuta tukirudi katika historia ya Usenet. Huko, miaka mingi kabla ya kopasi zetu, watu walilazimika kuuliza kwa ukali zaidi kuliko sisi: matini mbili ni moja kwa maana gani? Jibu lao lilitofautisha hali 3, na tofauti hizo ndizo zitakazotuongoza. Hali ya kwanza ni ya ujumbe mmoja kufika kwenye kompyuta moja kwa njia mbili. Ya pili ni ya ujumbe mmoja kuelekezwa kwa makusudi katika makundi kadhaa ya mjadala kwa wakati mmoja. Tutaiita utumaji wa pamoja. Ya tatu ni ya maneno yaleyale kutumwa mara nyingi, kila mara kama ujumbe mpya. Tutaiita utumaji wa kurudia. Kwa macho ya msomaji hali zote 3 zinafanana, kwa kuwa zote humwonyesha kitu alichokwisha kukiona. Kwa mfumo, ni mambo 3 tofauti kabisa.

2.0 Jina kabla ya mahali: 1979 hadi 1987

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Haikuwa na makao makuu. Kompyuta moja ilipiga simu kwa jirani yake, ikapokea jumbe mpya, nayo ikazipeleka kwa majirani wengine, mfano wa habari inayotoka ua hadi ua. Uzuri wa mpango huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Kompyuta yenye majirani wawili ingeweza kupokea ujumbe uleule kutoka kwa wote wawili, kisha kuupeleka tena kwa wengine, na mzunguko usingekuwa na mwisho.

Tangu toleo la kwanza la programu, lililojulikana kama A News, kila ujumbe ulibeba kitambulisho kilichoundwa kwa jina la kompyuta ulikoandikwa na nambari. Mwaka 1981 Mary Ann Horton na Matt Glickman waliandika toleo la B News huko Berkeley, California. Muundo wa ujumbe ukawekwa katika waraka wa viwango RFC 850 wa Juni 1983, kisha katika RFC 1036 wa Desemba 1987. Humo tunakuta mstari wa Message-ID, wenye mfano maarufu <642@eagle.ATT.COM>: nambari iliyotolewa na kompyuta moja, ikifuatwa na jina la kompyuta hiyo. RFC 1036 ilipendekeza kwamba kitambulisho kilichokwisha kutumika kisitumike tena kwa angalau miaka 2.

Inafaa kutua hapa kidogo. Kitambulisho hicho hakisemi lolote kuhusu mada ya ujumbe, kundi la mjadala, wala mahali unaposomwa. Kinasema jambo moja tu, yaani umezaliwa wapi na ni wa ngapi. Makundi yaliandikwa katika mstari mwingine, Newsgroups, na njia uliyopita ujumbe katika mstari wa tatu, Path. Wabunifu walitenga mambo ambayo sisi wakusanyaji wa matini huyachanganya mara kwa mara: kitu chenyewe, mahali kinapoonekana, na safari iliyokifikisha hapo.

Kwa utengano huo, hali ya kwanza ilitatuliwa. Kila seva ilitunza faili ya historia yenye vitambulisho vya jumbe ilizopokea. Ujumbe ukija, seva ilitazama faili hiyo. Jina likiwamo, ujumbe ulikataliwa. Itifaki ya NNTP, iliyochapishwa kama RFC 977 mwezi Februari 1986 na Brian Kantor na Phil Lapsley, iliusogeza ukaguzi huo nyuma hatua moja. Kwa amri ya IHAVE, seva ilimwambia jirani yake kwanza: nina ujumbe wenye jina hili, unautaka? Jirani aliweza kujibu kwamba hauhitaji kabla hata neno moja la ujumbe halijasafiri. Kwa kuwa faili ya historia haikuweza kukua milele, vitambulisho vya zamani viliondolewa, na jumbe zilizopitwa na wakati zikakataliwa kwa kigezo cha tarehe yake. Hata kumbukumbu hiyo, basi, ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilijulikana.

3.0 Kazi ya programu ya msomaji

Hali ya pili haikuweza kumalizwa na seva peke yake. Mtu akiandika kuhusu tafsiri ya istilahi za kompyuta katika lugha za Kiafrika, ana haki ya kuelekeza ujumbe wake kwa kundi la lugha, kundi la kompyuta na kundi la utamaduni wa Afrika. Ujumbe ni mmoja; milango ya kuuingia ni mitatu. Katika B News ujumbe huo ulihifadhiwa mara moja kwenye diski, na kila kundi likapewa kiungo kinachoelekeza kwenye faili ileile. Hakukuwa na nakala 3. Kulikuwa na matini moja yenye anwani 3, na nambari yake katika kila kundi ilikuwa tofauti.

Tatizo lilibaki kwa msomaji. Programu yake ilikumbuka alichosoma kwa kutumia faili ndogo iitwayo .newsrc, yenye jina la kila kundi na safu za nambari za jumbe zilizokwisha kusomwa. Kwa kuwa nambari zilitofautiana baina ya makundi, programu haikuwa na njia ya kujua kwamba ujumbe wa 212 katika kundi moja ndio ujumbe wa 1,045 katika jingine. Msomaji wa makundi 3 angeuona mara 3.

Ufumbuzi ulikuja kwa mstari uitwao Xref, ambao seva yenyewe iliuongeza. Mstari huo ulitaja jina la seva, kisha kila kundi lenye ujumbe huo pamoja na nambari yake humo. Larry Wall, aliyetoa programu ya rn mwaka 1984, aliutumia kwa namna iliyokuja kuwa kawaida: msomaji akishasoma ujumbe katika kundi moja, programu husoma Xref, kisha huweka alama kwenye .newsrc kwamba ujumbe huo umesomwa katika makundi mengine yote. Akifika huko, hauoni tena. Baadaye faharasa za muhtasari wa jumbe, zilizobuniwa na Geoff Collyer, ziliwezesha programu kupata taarifa hizo bila kufungua kila ujumbe.

Jambo muhimu ni kile ambacho rn haikufanya. Haikufuta. Ujumbe ulibaki katika makundi yote 3. Msomaji mwingine aliyefuata kundi moja tu aliuona palepale, na msomaji wa kwanza angeweza kuondoa alama na kuusoma upya katika muktadha wa kundi jingine. Uamuzi wa kwamba "huu nimeuona" ulikuwa wa msomaji mmoja, nao uliandikwa katika faili yake, si katika hifadhi ya wote.

Mbinu hiyo ilikuwa na kasoro. Nambari za Xref zina maana ndani ya seva moja tu. Mtu anayesoma kwenye seva mbili hawezi kuzitegemea. Kwa sababu hiyo programu ya Gnus iliongeza njia ya pili, ya kutunza yenyewe orodha ya vitambulisho vya jumbe zilizosomwa na kuvilinganisha kila inapofungua kundi. Njia hiyo ni ya polepole zaidi, lakini inarudi kwenye msingi wa mwanzo: nambari ya mahali hubadilika, jina la kuzaliwa halibadiliki.

4.0 Gharama ya rudufu katika Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Berkeley ujumbe rudufu ulikuwa kero. Kwa msomaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ulikuwa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mawasiliano ya kompyuta katika ukanda wetu yalitegemea kwa kiasi kikubwa FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, uliofanya kazi kwa kompyuta ndogo, modemu na simu ya kawaida. Environment Liaison Centre International mjini Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa taasisi zilizokuwa na vituo vya mfumo huo, na lango la kuuunganisha na mitandao mingine ya dunia lilikuwa GreenNet, London.

Hesabu rahisi inaonyesha kilichokuwa hatarini. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 240 kwa sekunde. Matini ya herufi 12,000, yaani kurasa chache tu, huchukua sekunde 50 laini ikiwa safi. Matini hiyo ikija mara 4, ni sekunde 200, zaidi ya dakika 3 za simu ya kimataifa, na dakika 2 na nusu kati ya hizo hazikuleta neno jipya hata moja.

FidoNet ilikuwa na kinga zake. Kila ujumbe wa mjadala ulibeba mistari ya SEEN-BY, iliyoorodhesha vituo vilivyokwisha kuupata, ili kituo kisiupeleke tena huko. Mwaka 1991 kiwango cha FTS-0009 kiliongeza mstari wa MSGID, kitambulisho kinachofanana kimantiki na kile cha Usenet. Mpangilio huu una funzo. Mtandao ulioanza kwa kurekodi safari ulilazimika hatimaye kurekodi jina, kwa sababu orodha ya vituo hutegemea uaminifu wa kila kituo njiani, na lango linalotafsiri ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine linaweza kuipoteza. Panapopotea jina, ujumbe huzaliwa upya, na mtandao hauna tena namna ya kujua kwamba umekwisha kuuona.

5.0 Aprili 1994: jina lilipokosa nguvu

Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya viza ya ukaazi wa Marekani kwa maelfu ya makundi ya Usenet. Kwa mwanahistoria wa jumbe rudufu, jambo la kuzingatia si wingi tu, bali namna. Hawakutumia utumaji wa pamoja. Programu yao ilituma tangazo kwa kila kundi kama ujumbe mpya, wenye kitambulisho chake. Faili za historia hazikuona rudufu yoyote, kwa kuwa hapakuwa na jina lililojirudia. Xref haikuwa na cha kuunganisha. Msomaji wa makundi 40 aliliona tangazo mara 40. Zana zote zilifanya kazi yake sawasawa, na zote hazikufaa kitu.

Kwa sisi wa Maziwa Makuu tarehe hiyo inabeba uzito mwingine. Siku 6 kabla yake, tarehe 6 Aprili, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Burundi yenyewe ilikuwa bado katika kilio cha kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993. Mtu aliyekuwa ughaibuni akitafuta habari za nyumbani katika kundi kama soc.culture.african alihitaji kuliko wakati wowote kutofautisha habari mpya na mwangwi wa habari ya jana.

Jibu la jamii ya Usenet lilikuwa la kihesabu na la kimaadili kwa pamoja. Kipimo kilichopewa jina la Seth Breidbart kilijumlisha, kwa kila nakala, kipeuo cha pili cha idadi ya makundi iliyoelekezwa. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa makundi 9 kwa pamoja hupata alama 3. Maneno yaleyale yakitumwa kwa makundi 9 kimojakimoja hupata alama 9. Matini iliyofikisha alama 20 ndani ya siku 45 ilihesabiwa kuwa yafaa kufutwa. Kipimo hicho kinamtendea kwa upole aliyetangaza wazi kwamba matini yake ni moja, na kwa ukali aliyeificha hali hiyo. Aidha, kinakiri kwamba ili kuitambua hali ya tatu, mtu au programu lazima isome maneno yenyewe, kwa kuwa majina hayatoshi.

6.0 Ushahidi wa mwanahistoria

Jumbe za Usenet leo ni nyaraka za historia. Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto alitunza kanda za sumaku za jumbe za kuanzia mwaka 1981. Mwaka 2001 kampuni ya Google ilinunua hifadhi ya Deja, na mwezi Desemba mwaka huo ikafungua mkusanyiko wa miaka 20. Tarehe 22 Februari 2024 kampuni hiyo ilisitisha kupokea jumbe mpya za Usenet, ingawa za zamani zimeendelea kutafutika. Anayetaka kujua Waafrika Mashariki wa ughaibuni walivyojadili siasa na lugha katika miaka ya 1990 atafika katika hifadhi za namna hiyo.

Akifika, atakutana na tatizo letu la Mutanga Sud. Mfano mzuri ni taarifa za IRIN, huduma ya habari ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1995 kufuatilia Maziwa Makuu. Taarifa zake zilisambazwa kwa barua pepe bila malipo, nazo ziliwaomba wanaozichapisha upya wabakize maelezo ya chanzo. Ombi hilo lilikuwa kitambulisho kwa njia ya adabu. Palipotiiwa, mtafiti wa leo anaweza kuzirudisha nakala kwa mama yao. Palipopuuzwa, taarifa moja kuhusu Bujumbura inaweza kuonekana kama mashahidi 5 wanaokubaliana, na makubaliano ya mashahidi ndiyo hasa tunayoyategemea tunapopima ukweli.

Hata hivyo, kufuta rudufu zote nako ni kosa. Ujumbe uliotumwa kwa kundi la Afrika na kundi la Kenya kwa pamoja unatufundisha kwamba mwandishi aliwaona wasomaji hao kuwa hadhira mbili zinazohusika na jambo moja. Majibu nayo yanaweza kutofautiana kwa kadiri ya kundi. Wataalamu wa miswada ya Kiswahili wamelijua hili siku nyingi: nakala mbili za utenzi mmoja, moja ya Lamu na nyingine ya Pemba, ni utenzi mmoja kwa anayehesabu tenzi, lakini ni ushahidi wa aina mbili kwa anayechunguza wasomaji, wanakili na lahaja. Kinachotakiwa ni kujua tunahesabu nini.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Suala hili si la watu wa kompyuta pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama 8, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake rasmi. Tamko moja linaweza kuchapishwa na sekretarieti, wizara, magazeti na redio za nchi zote hizo ndani ya wiki moja. Kopasi ikizihesabu nakala zote kama matini huru, itatuambia kwamba Kiswahili cha matamko ndicho Kiswahili cha watu, na sauti ya Buyenzi, Rumonge au Uvira, isiyonakiliwa na yeyote, itazama. Burundi, ambako Kiswahili kinazungumzwa sana mitaani na kuandikwa kwa uchache, ina cha kupoteza zaidi katika hesabu za namna hiyo.

Kutokana na historia iliyojadiliwa, makala yanapendekeza kanuni 4. Kwanza, kila matini ipewe kitambulisho na mchapishaji wake wa kwanza, siku inapotoka, na kitambulisho hicho kisitegemee mahali, faili wala mada. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya taifa, inaweza kuanza na nyaraka zake yenyewe. Pili, anayechapisha upya aongeze mahali pake katika rekodi ya matini hiyo, kama Xref ilivyoongeza makundi, badala ya kuifungulia rekodi mpya. Tatu, hifadhi zisifute rudufu. Ziziwekee alama, ili kila mtafiti aamue kuzihesabu au kutozihesabu kulingana na swali lake. Nne, ripoti yoyote ya idadi ya maneno au matini inayopelekwa kwa watunga sera ieleze rudufu zilitambuliwaje: kwa jina, kwa kulinganisha maneno, au hazikutambuliwa kabisa.

Ushauri wetu kuhusu neno warejeaji tumeuandika upya. Neno lenyewe limebaki katika ushauri huo, kwa sababu lina mantiki ya kimofolojia na linaeleweka. Hoja ya kwamba ndilo linalotumiwa na wengi tumeiondoa. Hatujui bado kama ni kweli, na safari hii tumelisema hilo waziwazi.